Kitanda Kisichosogezwa

Kolwezi, Manika
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mdogo wangu Fébronie,

Pokea salamu za yaya wako, kaka yako aliye mbali, kisha ukae kitako, uvue viatu, ndipo usomewe. Barua hii si ya kusomwa ukiwa umesimama. Magoti yako yanaendeleaje tangu mvua zilipoanza? Je, homa ya mjukuu wetu imekwisha, au bado mnambeba kila wiki kwenye zahanati ya masista? Na paa la jikoni, mlilifunika, au mnaendelea kupika mkisogezasogeza sufuria kukwepa matone? Mimi ni mzima. Macho yamepungua, lakini miwani niliyoachiwa na marehemu mke wangu inanifaa kuliko yangu. Mwili haudai kitu. Kinachonisumbua hakimo mwilini.

Jumatano nilikupigia simu nikakuambia neno moja tu, "ngoja," nawe ukakata kwa hasira. Una haki. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekuambia ujiandae, nyumba nimeipata, uite mnunuzi wa shamba la baba. Ukamwita. Akaja na mashahidi wake, akaketi kwenye kiti chako, akala bukari yako na kuku, na kidole chako kilikuwa kimebakiza kidogo tu kiguse wino. Halafu kaka yako mkubwa, mwalimu, msomi wa familia, anapiga simu na kusema ngoja bila sababu. Sababu ninayo. Haikuwezekana kuieleza kwa simu wakati mtu yule ameketi mbele yako anachokonoa meno.

Nianzie mwanzo, maana nataka Dieudonné mwanao naye asomewe. Wazo lilikuwa lake. Alisema shamba la michikichi huko Kongolo ni mali iliyolala, na mali inatakiwa isimame. Kwamba Kolwezi wapangaji wanalipa kwa dolari. Kwamba mjomba yuko pale pale, anaijua kila njia, anajua kusoma karatasi. Wote mkakubali. Mimi nilikubali kabla yenu.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo sikukuambia. Unakumbuka nilikuja huku kwa mkataba wa miaka miwili, kufundisha Kapata, kwenye shule ya watoto wa wafanyakazi wa mgodi. Vita vikakata reli, mshahara nao ukakatika, nikaoa, nikamzika mke, na ile miaka miwili haijaisha mpaka leo. Wakati zile nyumba za safu za Kapata zilipoanza kuuzwa kwa waliokuwa wakikaa ndani, mimi nilisema karatasi hazieleweki, acheni kwanza nizisome vizuri. Nilizisoma vizuri sana. Nilipomaliza, jirani yangu asiyejua kusoma alikuwa na nyumba, na mimi nilikuwa na elimu. Tangu siku hiyo ninapanga. Nimehama mara saba. Kwa hiyo mlipoleta wazo lenu, nilijiambia: nyumba itakuwa ya familia, wapangaji watalipa, Fébronie atapata dawa za magoti, na chumba kimoja, kile cha upande wa mashariki, kitakuwa changu mpaka nife. Sikukiandika chumba hicho popote. Lakini kila nyumba niliyoingia, macho yangu yalikitafuta kwanza. Jua hilo unapopima maneno yangu.

Nilimtafuta komisioneri, maana hapa huwezi kununua hata banda la kuku bila mtu wa katikati. Nikampata Mama Gode. Ni mama wa makamo, ana simu tatu na viatu vya rangi ya dhahabu ambavyo vumbi la malori haliviwezi. Anadai ada ya kukuonyesha nyumba kabla hujaiona, na ukiichukia, ada hairudi. Nilipolalamika akanicheka.

"Tata mwalimu, batoto bakufundishe na we kidogo. Macho yako inakula petroli yangu!"

Alinipakia nyuma ya pikipiki ya kukodi, yeye katikati, mimi mwishoni kama mzigo wa majani ya sombe, tukaanza kuzunguka. Nyumba ya kwanza ilikuwa humu humu Manika, karibu na soko. Vyumba vinne vilikuwa vimekatwa kwa mbao vikawa tisa, familia tisa, choo kimoja, na mwenye nyumba akitusifia kwamba hakuna mwezi chumba kinabaki kitupu. Aliposema hivyo alikuwa akinawa mikono kwa maji ya chupa, na nyuma yake akina mama walikuwa na ndoo wakisubiri bomba lisilotoa kitu. Nyumba ya pili ilikuwa mpya, nzuri, bei ya chini mno. Niliuzunguka ukuta wake. Upande wa barabara rangi ilikuwa mbichi kuliko kwingine, na jua lilipoangaza vizuri niliona chini ya rangi hiyo alama nyekundu ya msalaba, ile inayopigwa kwenye nyumba zitakazobomolewa.

"Mama Gode, hii ni nini?"

"Ni rangi ya Noeli, Tata."

"Noeli imepita zamani."

"Njo maana banaifunika!"

Akacheka, dereva naye akacheka, na nakiri hata mimi nilicheka. Usiku wake sikula. Nilifikiria kwamba kuna mzee kama mimi, mahali fulani, ambaye atafika jioni, jua likiwa upande mwingine.

Nyumba ya tatu ndiyo niliyokupigia simu kwa ajili yake. Ni ya zamani, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, vyumba vinne, na kimoja kinatazama mashariki. Mwenyewe ni Tata Ildephonse, anayeimba besi kwenye kwaya ya parokia yetu. Anahamia Lubumbashi kwa watoto wake. Ndani kuna mpangaji mmoja, Mama Ntumba, na mume wake na watoto watatu, waliopanga sebule na chumba kikubwa tu. Ni watu wa asili ya Kasai, wazaliwa wa hapa hapa. Babu yake aliletwa kufanya kazi mgodini. Mume anauza mkaa. Mama anakaanga mikate mlangoni asubuhi. Nilimpenda mara moja kwa sababu alinipa mkate bila kuuliza kama nimekuja kununua.

Safari hii nilisema sirudii kosa la Kapata, lakini pia siingii gizani. Nilizisoma karatasi, na nilizisoma upesi. Nilikwenda kwa mkuu wa mtaa, nikaona mhuri wake. Nilikwenda ofisi ya ardhi siku nne, nikakaa kwenye benchi lile mpaka wakanizoea, wakaniita mwalimu, wakanifungulia daftari. Jina la Ildephonse lilikuwamo, namba ya parseli, yaani kiwanja, ilikuwamo, mipaka ilikuwamo. Mke wake alitia sahihi mbele yangu, na watoto wake wakubwa wakathibitisha kwa simu, mmoja mmoja, kwamba hawana pingamizi. Hakuna deni, hakuna kesi, hakuna shemeji aliyejificha. Fébronie, katika mji huu hiyo ni sawa na kumkuta kambale mtoni asiye na matope. Nikakupigia nikakuambia ujiandae.

Jumatano nilikwenda na futi yangu ya kupimia. Nilitaka kukuandikia ukubwa wa kila chumba, ili Dieudonné asije akasema mjomba alikadiria kwa macho. Nikapima sebule, nikapima vyumba viwili. Chumba kikubwa kilikuwa na kitanda cha chuma katikati, mbali na kila ukuta, kimezungukwa na kitenge mpaka chini. Nikamwomba Mama Ntumba tukisogeze, nipite na futi.

"Apana, Tata. Kile kitanda hakisogezwaka."

"Kizito?"

"Hakisogezwaka tu."

Niliona aibu kuuliza zaidi. Kitanda cha wanandoa si mahali pa mwalimu. Nikapiga goti moja kuipitisha futi pembeni. Hapo nikasikia upepo wa baridi kwenye mkono wangu, siku ile ya joto, unatoka chini ya kitenge. Kisha mtu akakohoa chini ya kitanda.

Nikaruka nikaomba radhi. Nilidhani mume wake amelala huko kukwepa joto. "Nisamehe, Tata," nikakiambia kitanda. Mama Ntumba akaziba mdomo kwa kiganja, akicheka mpaka machozi.

"Siyo bwana yangu! Bwana iko sokoni. Bale ni batu ba chini."

Akainua kitenge. Chini ya kitanda hapakuwa na sakafu. Kulikuwa na shimo la upana wa mlango, limechongwa vizuri, na vishimo vya kukanyagia pande mbili, na mpira wa kupitishia hewa umefungwa kwenye mguu wa kitanda. Nikainama. Mbali sana chini, taa ndogo ilikuwa ikitikisika, na sauti za wanaume zilikuwa zikiongea kwa utulivu, kama watu walio ofisini.

Wewe huko hujui, ngoja nikueleze. Mawe yanayotafutwa hapa, shaba na ile kobalti wanayotengenezea betri, hayafuati mipaka ya mgodi. Yako chini ya mji. Kwa hiyo kuna watu wanaochimba ndani ya nyumba zao, chumbani au jikoni, ambako hakuna mkaguzi atakayewaona. Kila mtu Kolwezi analijua hilo. Mimi nalijua. Niliwahi hata kuwafundisha wanafunzi wangu insha juu yake. Na bado nilikaa siku nne kwenye benchi la ofisi ya ardhi, nikasoma kila mhuri, na sikuomba hata mara moja kitanda kisogezwe. Ndilo kosa la watu kama mimi: tukiona karatasi ni safi, tunadhani na nyumba ni safi.

Nikamuuliza Mama Ntumba watoto wanalala wapi. Akanionyesha mkeka kwenye chumba hicho hicho.

"Batoto tunabalalishaka upande wa mulango. Sababu bikianguka, bao batatoka ba kwanza."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia mikate iko tayari.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Ildephonse. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye maboksi, anaimba. Nikamwambia nimeona chini ya kitanda. Nilitegemea aone haya. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, we ulisoma makaratasi yote, ukaenda mpaka ofisi ya ardhi. Mi nilizani unajua! Ile bei nilikupa, ulizani ni ya nini? Nani ananunuaka nyumba hapa Kolwezi sababu ya bati yake?"

"Kuna watoto wanaolala pale, Ildephonse."

"Na baba na mama yabo banajua. Sikiya, mwalimu. Mi nilitaka kukufurahisha siku ya sahihi. We utapangisha mara mbili. Juu kwa familia, chini kwa bachimbaji. Ba juu banalipa kidogo, ba chini banatoa fungu yao kila wiki, bila kelele. Nyumba moja, garanti mbili. Mungu anakupa nini zaidi?"

Alisema Mungu, Fébronie. Kwa besi ile ile ya kwaya.

Sasa nitakuambia kitu kibaya zaidi ya shimo. Kutoka mlango wake mpaka barabarani ni hatua thelathini hivi, na kwa hatua zile zote nilikuwa nikifanya hesabu. Juu kiasi hiki, chini kiasi hiki, dawa zako, paa la jikoni, ada za mjukuu, chumba changu cha mashariki ambacho hakiko juu ya shimo, nilikwisha kukipima. Nilifika barabarani nikiwa na jumla. Lori la asidi likapita, vumbi likanifunika, nikajikuta nimesimama pale nikiwa na ile jumla mdomoni kama mtu aliyetafuna kitu kilichooza akachelewa kukitema. Nimemchukia Ildephonse, lakini yeye angalau hakujificha. Mimi nilikuwa nimeshavaa miwani ya marehemu mke wangu na kuhesabu.

Ndipo nikakupigia kusema ngoja.

Mama Gode nilipomweleza, alinisikiliza kwa huruma kama mtu anayesikiliza maumivu ya jino la mwenzake. Akasema kama shimo linanisumbua, anao watu wa kulimwagia zege kwa siku mbili. Nikaliwaza na hilo: ninunue, nifukie, niache familia ile ikae salama. Usiku kucha niliona ni jibu zuri, la Kikristo. Asubuhi nikaenda kwa Mama Ntumba kumuuliza. Hakunipa mkate.

"Ukifunga shimo, bei ya nyumba inapanda. Kule tulikuwa, balitulombaka garanti, tulipe mbele myezi sita. Tuliuza bitu byote. Hapa hakuna garanti, na bwana akikosa mukaa, ba chini banamupatiaka kazi ya kuvuta kamba. Sasa Tata, ukinunua, utatufukuza?"

Nikifukia, ningelazimika kumtoza kodi ya nyumba isiyo na shimo, kwa maana pesa hizi si zangu, ni za magoti yako na shamba la baba yetu. Nisipofukia, ningekuwa napokea kodi ya watoto wanaolala upande wa mlango. Nilitafuta njia ya tatu kama mwanafunzi anayetafuta jibu dirishani. Haikuwapo.

Ijumaa nilimrudia Ildephonse nikamwambia sinunui. Akaniuliza kama nataka apunguze. Kisha nikapita kwa Mama Ntumba kumwambia yeye pia, ili asilale na wasiwasi juu yangu. Alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta. Aliposikia, aliacha kijiti ndani ya karai, akasimama, akashika mikono yangu yote miwili kwa mikono yake yenye unga, akapiga magoti kidogo kama mtu anayepokea kitu kikubwa.

"Aksanti, Tata! Mungu akuongezee myaka! Nilisema na bwana yangu, ule muzee ana roho."

Akaniwekea mikate mitano kwenye gazeti. Akamwita mtoto wake mdogo aje kunishukuru. Mtoto akaja, akanipa mkono kwa adabu, miguu yake ikiwa na vumbi la kijivu linalotoka chini ya kitanda kile.

Nimefundisha maisha yangu yote na nimeshukuriwa na wengi, wengine nikiwa nimewatendea jema kweli. Sijawahi kushukuriwa namna ile, na kwa sababu gani? Kwa kuwaacha juu ya shimo. Niliichukua mikate kwa sababu kuikataa kungekuwa tusi. Nilifika hadi kona ya soko, sikuweza kuila wala kuitupa. Nikampa mlinzi wa duka la simu. Naye akanishukuru.

Basi, mdogo wangu, hili ndilo shauri langu. Usiuze shamba la baba. Sikuambii hivyo kwa sababu michikichi ni mizuri jioni. Najua ni mizee, najua inazaa kidogo, najua magoti yako hayawezi tena kufika mpaka mwisho wa mpaka. Lakini shamba lile ukitembea juu yake, unajua kilicho chini. Wakodishie jirani zako wa ng'ambo ya kijito, nusu tu, kwa msimu mmoja mmoja, kwa maandishi, na mashahidi wawili wa pande zote. Msikodishe kwa miaka mingi, hata wakibembeleza. Nusu iliyobaki ibaki mikononi mwako. Haitakupa dolari. Itakupa mafuta ya kupikia na kidogo cha kuuza, na paa la jikoni litafunikwa polepole. Dieudonné akisema hayo ni mawazo ya watu wa zamani, mwambie mjomba anakubali, na mwambie siku akitaka kununua nyumba mahali popote duniani, aende kwanza bila futi na bila karatasi, akae na anayepika pale, amuulize wanalala wapi na kwa nini hapo.

Mimi nitaendelea kupanga. Mwenye chumba changu amesema ataongeza kodi mwaka mpya. Tutaongea naye, au nitahama mara ya nane. Usinionee huruma. Ungenionea huruma kama ningekuwa naandika barua hii kutoka kile chumba cha mashariki, nikisikiliza sauti za watu chini.

Nisalimie mume wako, shemeji yangu, na umwambie kiko chake cha tumbaku nakikumbuka. Msalimie Mama Mkubwa, mke wa marehemu kaka yetu, umwambie sijasahau kwamba shamba ni lake pia na kwamba hili limeamuliwa nikimfikiria. Msalimie mjukuu wangu mwenye homa, na mwalimu wa katekesi anayekusomea barua hizi. Kama amefika hapa bila kukohoa, ni mtu mwema. Sanduku la sabuni na miwani ya kuonea vya karibu vinaletwa na mtu huyu wa parokia aliyebeba barua. Miwani ni yako. Hii ya marehemu nabaki nayo.

Mnunuzi akirudi, usibishane naye na usimsimulie habari za Kolwezi, atadhani unatafuta bei ya juu. Mwambie tu yaya amekataa. Mwambie yaya ni mzee, ni mkaidi, ametembea mno mbali na kwao. Lawama yote iweke kwangu. Reli ni mbovu, haitanifikia upesi.

Yaya wako akupendaye,
Placide Numbi